Majaruba Matatu ya Ndago

Jumatatu, 4 Aprili 2005

Leo tena mbegu. Toka saa moja asubuhi mpaka saa tisa, mimi na Kasongo ndani ya kontena pale Bladensburg, kando ya mto. Tunatoa mifuko kwenye friji, tunafungua, tunanusa. Ikinuka uozo tunatupa, ikinuka udongo tunaweka. Mbegu zenyewe ni ndogo kuliko ulezi. Zimelala kwenye mchanga wa majimaji tangu Desemba. Riki, msimamizi wetu, anasema bila baridi haziamki. Ana shahada ya mambo hayo. Ana buti nzuri pia, maji hayaingii. Zangu yanaingia.

Mbegu za ndago. Naandika hapa kwa sababu kumwambia mtu ni taabu. Nilipomwambia dada yangu Ifakara kwamba Wamarekani wananilipa nipande ndago, alicheka mpaka kadi ya simu ikaisha. Kwetu tunazing'oa. Tangu nina miaka saba, kazi yangu kwenye mpunga wa mama ilikuwa hiyo, na shule niliiacha darasa la saba kwa sababu hiyo hiyo. Hapa wanasema ndago zao za asili zimekwisha kwenye mto huu. Zikirudi, matope yatashika na samaki wadogo watapata pa kujificha.

Sawa. Wanataka ndago, napanda ndago. Mgongo unauma.

Jumanne, 19 Aprili

Tumemwaga mbegu. Majaruba manane. Jina hilo ni langu. Riki ana jina lake la Kiingereza, refu. Ni viwanja vya mraba kwenye matope, vimezungushiwa magogo ya makumbi ya nazi ili maji yasisombe mbegu. Makumbi ya nazi, Maryland. Yamesafiri kuliko mimi. Juu tumefunga kamba kwenye vigingi, bata bukini wasitue.

Mto huu unajaa na kupwa kama bahari, kwa hiyo tunafanya kazi maji yakiwa chini. Leo yalikuwa chini saa nne. Tumechanganya mbegu na mchanga tukatupa kwa mkono. Riki akaonya tusifukie. Nikamjibu kwamba kitalu cha mpunga hakifukiwi, najua. Akaniangalia kama ndiyo kwanza ananiona. Mwaka wa pili huu nafanya kazi chini yake.

Kasongo ndiye kiongozi wetu, kwa kuwa ana leseni ya lori. Mtu wa Bukavu, alikuwa mwalimu kwao. Ananiita Mama Stazia. Naye Riki, Kasongo humwita patron, yaani bosi kwa Kifaransa, na Riki hajui kwamba nusu ya wakati ni dhihaka.

Jumamosi, 7 Mei

Zimeota. Nywele za kijani, ukisimama mbali huoni kitu, ukiinama unaona.

Jana Riki alitukalisha. Wenye eneo hili watakuja mwisho wa Julai kuhesabu. Majaruba yakiwa yamejaa, mwakani tunapewa upande wote mpaka kwenye daraja. Nusu yake yakiwa matupu, habari ya mbegu imekwisha: watanunua miche mikubwa kwenye kampuni nyingine, na kampuni hiyo ina watu wake. Yaani mimi na Kasongo tutakuwa hatuna kazi. Hakuizunguka. Namheshimu kwa hilo.

Nina kazi ya pili, kusafisha ofisi jioni. Hiyo naichukia. Nafuta meza za watu ambao sijawahi kuwaona sura. Nilikuja nchi hii na familia ya ubalozini kulea watoto wao. Wao walirudi, mimi nikabaki. Sikubaki ili nifute meza. Kazi ya matope inaniua mgongo lakini nikiitazama naona kitu.

Alhamisi, 9 Juni

Nimeharibu.

Niandike kama ilivyokuwa. Magugu yameota ndani ya majaruba, hasa lile jani linalofanana na mpunga. Riki alisema yang'olewe leo. Kasongo akaanza jaruba la nane, mimi la kwanza. Ofisi jana zilinichelewesha, nimelala kwa saa tatu tu. Jua lilikuwa kali. Nikainama nikaanza.

Mikono yangu ilifanya kazi iliyofundishwa. Kidole kikigusa shina lenye kona tatu, kinang'oa. Jani laini kama la mpunga, kinaliacha. Ndivyo mama alivyonifundisha, ndivyo nilivyofanya miaka ishirini. Sikuwa naangalia, nilikuwa nawaza mambo ya nyumbani. Nilikuwa hata naimba.

Nimeng'oa ndago zote za jaruba la kwanza. La pili. La tatu. Nimeacha magugu yamesimama, safi, yamepangika, shamba zuri la mpunga usio mpunga.

Nilikuwa nimeingia la nne Kasongo alipokuja kuchukua maji ya kunywa. Akasimama. Akasema taratibu kabisa:

"Mama Stazia. Unang'oa batoto betu."

Nikaangalia mkononi. Nikakaa chini kwenye matope, na kaptura yangu na kila kitu.

Ijumaa, 10 Juni

Riki amekuja asubuhi. Alidhani ni Kasongo, kwa sababu kwenye karatasi yake majaruba yote yana jina la Kasongo. Akaanza kumsema. Kasongo hakunitaja. Mzee yule. Nikamwambia Riki ni mimi, peke yangu, Kasongo alikuwa upande wa pili. Akauliza nilikuwa nafikiria nini. Nikamwambia sikuwa nafikiria, mikono yangu inazijua ndago kama adui. Akadhani natania. Hakucheka.

Lundo la miche lilikuwa pembeni, nimelimwagia maji tangu jana na kulifunika gunia. Riki akasema imekufa, nipakie kwenye lori ikatupwe. Nikamwambia haijafa. Mpunga tunaung'oa kitaluni, unakaa siku tatu mizizi ikiwa kwenye tope, unapandikizwa, unakubali. Akasema huu si mpunga. Akasema pia mkataba wao ni wa mbegu iliyomwagwa, si miche iliyopachikwa, na kukanyaga tena matope yale kutaharibu hata kilichobaki. Nisiguse majaruba hayo. Amri.

Nilipakia nusu kwenye lori. Nusu niliitia kwenye ndoo mbili.

Basi la kwenda Langley Park, ninakoishi, lilikuwa limejaa. Ndoo zinavuja tope. Mama mmoja alisogeza viatu vyake na kuniangalia vibaya. Nikamwangalia vilevile.

Jumamosi, 11 Juni

Miche iko kwenye hodhi la bafuni. Nimeifunga mafungu mafungu kwa uzi, kama tunavyofunga mpunga, mizizi chini, tope kidogo, maji vidole viwili.

Wambui ninayeishi naye ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, anataka kuoga alale. Nilimsikia akiwasha taa ya bafuni. Halafu:

"Aki Mum Stazia, kuja uniambie hii ni nini. Hapa ni bathroom ama ni shamba?"

Nikamweleza yote. Alikaa kwenye ukingo wa hodhi na yunifomu yake akanisikiliza. Akasema mtu akifukuzwa kazi hapa hulia, halafu hutafuta ingine, yeye hajawahi kuona mwenye kubeba hiyo kazi nyumbani kwa ndoo. Akaniuliza kama zitapona. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema hapana.

Ameogea kwenye beseni. Amenikumbusha mara tatu kwamba ameogea kwenye beseni.

Jumapili, 12 Juni

Sikwenda misa. Mungu ananijua.

Nilimpigia Kasongo nimwambie tu kwamba naenda kupandikiza, asije akashtuka. Sikumwomba kitu. Saa mbili alikuwa chini ya ghorofa na gari lake. Anasema kama ni kufukuzwa, tayari jina lake limo kwenye karatasi, bora afukuzwe akiwa amefanya kitu.

Maji yalikupwa saa tatu. Kwanza tuling'oa lile jani la mpunga wa uongo, lote. Halafu nikamwonyesha. Miche mitatu kwa pamoja, kidole gumba nyuma ya mizizi, unasukuma tope, unatoa kidole, tope linajifunga lenyewe. Unarudi nyuma, hukanyagi ulichopanda. Mwalimu wa watu alikuwa anazama mpaka magotini, anapachika moja mimi nimepachika kumi. Akasema kule kwao kazi hii ni ya wanawake. Nikamwambia naona kwa nini, wanaume mngekufa njaa.

Tulijaza jaruba la kwanza, la pili, na theluthi ya la tatu. Miche ikaisha. Ile iliyotupwa ingetosha yote. Nimekasirika kwa hiyo. Sijakasirikia kosa langu tena, nimekasirikia nusu iliyotupwa.

Maji yalirudi saa saba yakatukuta tumekaa kwenye nyasi tunakula chapati za Wambui.

Jumatatu, 13 Juni

Riki ameona mara moja, alama za miguu zimejaa. Uso ulikuwa mwekundu. Alisema nimevunja amri, nimeingia eneo la kazi siku isiyo ya kazi, kampuni ingeshtakiwa kama ningezama. Kwamba wahesabuji wakiona miche imepangwa mistari watajua. Nilimwacha amalize.

Nilisema kwa Kiingereza changu hiki hiki:

"Kama unaitaka itoke, ing'oe wewe. Mimi nimeng'oa mara moja, inatosha."

Alisimama pale. Tope lilikuwa linaingia kwenye buti zake nzuri, maana alikuwa amesimama muda mrefu mahali pamoja. Akatazama miche. Akatazama mto. Akaenda kwenye lori.

Hajaing'oa. Mimi amenihamishia kuokota taka ukingoni: chupa, mipira, mifuko ya plastiki, magurudumu. Kasongo amebaki majarubani.

Ijumaa, 17 Juni

Imenyauka. Yote. Imelala kama nywele zilizolowa.

Kwa mpunga siku ya tano unaanza kuinuka. Leo siku ya tano. Hakuna kilichoinuka. Nilipita na gunia langu la taka nikajifanya sitazami. Riki naye alipita, akajifanya haoni kwamba natazama.

Labda alisema kweli, huu si mpunga.

Jumatano, 22 Juni

Rangi ya njano. Mvua hakuna. Majaruba haya matatu yako juu zaidi, maji ya kujaa yanafika kidogo tu, yanalowesha na kuondoka. Kasongo anasema turudishe mioyo, ndivyo anavyosema, turudishe mioyo. Nikamwambia moyo wangu uko mahali pake, shida ni maji.

Kuanzia leo nabeba maji. Nusu saa ya chakula nakula nimesimama, kisha nachota mtoni kwa ndoo, napanda, namwaga, nashuka. Safari kumi na mbili. Riki ananiona. Amri yake ilikuwa nisiguse majaruba. Maji si mkono. Akitaka aandike amri nyingine.

Jumamosi, 25 Juni

Nimeacha kazi ya ofisi. Siwezi zote mbili, mwili umekataa. Wambui anasema nimechanganyikiwa, nimeacha kazi yenye uhakika kwa ajili ya majani yatakayonifukuzisha. Kodi tutailipaje? Nikasema nitajua Agosti. Ni jibu la kijinga. Lakini ile kazi ndiyo iliyonifanya nilale kwa saa tatu tu nikang'oa watoto wangu. Sitaki kuiona.

Jumatatu, 4 Julai

Sikukuu yao. Basi moja kwa saa. Nimekuja kumwagilia.

Nilifika saa nne, jua limeshakuwa kali, nikainama kwenye jaruba la kwanza bila kutegemea kitu. Majani ya nje yamekufa, makavu kabisa. Katikati, pale kwenye moyo wa kila fungu, ncha ya kijani. Nikafikiri ni jani la mpunga wa uongo limerudi. Nikagusa kwa kidole.

Kona tatu.

Nikagusa la pili, la tatu, nikaenda kwa magoti jaruba zima. Si yote. Katika kila mafungu kumi, saba yana moyo. Nililia kidogo, hakuna aliyekuwepo. Halafu nikachota maji.

Watu walikuwa wanaelekea kwenye bustani na majiko yao ya nyama. Mzee mmoja kwenye baiskeli alisimama akaniuliza ninafanya nini na ndoo. Nikamwambia nafanya kazi. Akasema leo hakuna kazi. Nikasema kwako.

Jumanne, 12 Julai

Bata bukini wamejua kabla ya Riki. Kamba za jaruba la pili zimelegea, wameingia sita, wamekula kona nzima. Nilitupa gunia la taka nikakimbia nao mpaka majini. Nikiwa mtoto tulikuwa tunaamia ndege juu ya dungu, jukwaa la miti shambani, tuna kombeo na debe la kugonga. Hapa kombeo ni kesi. Debe si kesi. Nimetundika makopo ya soda niliyookota, mawili mawili, yenye kokoto ndani, kwenye kamba zote. Upepo ukija yanapiga kelele.

Riki alikuja kuuliza ni nini. Nikamwambia ni taka, nimezipanga.

Nadhani alitaka kucheka. Alienda kwenye lori akarudi na kamba mpya na vigingi vinne. Akafunga mwenyewe kona iliyolegea. Mimi sikumshukuru.

Alhamisi, 28 Julai

Wamekuja kuhesabu. Mwanamke mmoja mfupi, kofia kubwa, na fremu ya mbao ya mraba. Anaitupa bila kuangalia, inapoangukia anahesabu mashina yaliyo ndani, anaandika. Riki alinituma nikaokote taka upande wa daraja. Sikwenda. Nilisimama na gunia langu pale ambapo ningeona.

La nane, la saba, la sita, la tano, la nne, mazuri. Niliyajua. Alipofika la tatu alisita. Theluthi imejaa, kwingine matope. Akatupa fremu, ikaangukia matope. Akaandika. La pili akatupa, ikaangukia kwenye ndago. Akachuchumaa. Akahesabu muda mrefu. Akashika mashina, akayasogeza, akaona mistari. Kila aliyepanda mpunga angeiona mistari ile.

Akamwuliza Riki. Kutoka nilipokuwa nilisikia. Riki akasema bata bukini waliharibu mapema, kampuni ikajazia mapengo.

Gunia nililiweka chini nikaenda. Sijui nani alinituma. Nikamwambia yule mama kwamba si bata walioharibu. Niling'oa mimi, kwa makosa, majaruba matatu. Na nikapandikiza mimi na huyu, nikamnyooshea Kasongo kidole, siku ya Jumapili, bila ruhusa. Riki alifumba macho. Kasongo alitazama angani.

Yule mama aliniuliza mche ulikaa nje ya tope muda gani. Nikasema haukukaa nje ya tope, ulikaa bafuni, siku mbili. Akaniuliza ninashika vipi. Nikapiga magoti nikamwonyesha: kidole gumba nyuma ya mizizi, sukuma, toa. Akavua glavu akajaribu. Alifanya vibaya. Nikamrekebisha mkono.

Akaandika ukurasa mzima. Hakusema ni kizuri au kibaya.

Ijumaa, 5 Agosti

Jibu limekuja. La tatu limeshindwa. Mengine saba yamepita. Mwakani mpaka kwenye daraja.

Riki alitusomea ndani ya kontena. Akasema kama ningenyamaza jibu lingekuwa lile lile, na faili langu lingekuwa safi. Sasa limeandikwa onyo, la kuvunja amri, nitie sahihi. Nikasoma pole pole, neno kwa neno, walisubiri. Lilisema niling'oa miche, kisha nikavunja amri. Halikusema nilipandikiza. Nikamwambia atie na hilo ndipo nitie sahihi. Akasema si desturi kuandika hivyo kwenye onyo. Nikarudisha kalamu mezani.

Kasongo alijishughulisha na friji isiyo na kitu.

Mwisho Riki akaandika kwa mkono chini. Mstari mmoja. Nikausoma huo pia. Nikatia sahihi.

Nitabaki kazini mpaka Desemba, na Machi tena. Nimerudishwa majarubani. Wambui amepika ugali na kuku, amesema leo anaoga kwenye hodhi mpaka maji yapoe.

Jumanne, 27 Septemba

Ubaridi umeanza asubuhi. Ndago zimetoa vichwa, rangi ya majani makavu ya mpunga, vimesimama kama brashi. Zile za kupandikizwa ni fupi kidogo kuliko nyingine, lakini zimezaa.

Leo tumeanza kukusanya. Unashika kichwa kwa mkono mzima, unavuta juu, mbegu zinabaki kiganjani, unatia kwenye mfuko wa karatasi. Kasongo alikuwa jaruba la nane, mimi la kwanza. Hatukuongea sana. Maji yalikuwa yanapanda polepole, yakafika kwenye magogo ya makumbi, yakasimama hapo.

Nilijaza mifuko minne. Juu ya kila mfuko kuna mahali pa kuandika aina, mahali, tarehe, na aliyekusanya. Mstari wa aliyekusanya ni mfupi, umepimwa kwa majina yao. Nimeandika jina langu lote, la ubatizo, la baba na la babu, kwa herufi kubwa. Limepita mstari likapinda kwenye kona ya mfuko. Nikaandika na wa pili hivyo hivyo.

Riki alipokea mifuko akaipanga kwenye friji. Akausoma mmoja, midomo ikisogea. Akauliza jina la kati linatamkwaje. Nikamtamkia. Akajaribu mara mbili, ya pili ilikuwa afadhali.